Taa ya Eda

Wamenisema, na waseme. Kwenye matanga ya Fatu, wanawake wa Lindi wamejaa mkekani kutoka uani mpaka ukumbini, mimi na umri wangu huu nilicheka. Sikutabasamu, nilicheka mpaka kanga ikanidondoka kichwani. Fatu alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa na meno yote, na hakuna mtu nitakayemlilia tena kama nilivyomlilia yeye usiku wa kuamkia mazishi. Lakini niliingia chumbani kwake kuweka mkoba wangu, nikakuta wasichana wameshafanya walivyofundishwa: kioo cha kabati wamekifunika kanga, televisheni wameifunika shuka, na pale pembeni tangi la samaki la mjukuu wake Rehema, lenye maji na majani na vitaa vyake vya buluu, nalo wamelifunika kanga mbili, moja juu ya nyingine, eti nalo ni kioo. Nikakaa kwenye kitanda cha marehemu nikacheka peke yangu. Aliyenikuta akatoka mbio kwenda kusema kwamba Bi Salima akili zimeanza kumruka. Akili zangu zipo. Zilikuwa zimekwenda mara moja kwenye mwaka ule niliokaa eda, nyumba hii hii, chumba kinachotazamana na hiki.

Nilizaliwa wapi na baba yangu nani, hayo hayawahusu. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, umeme Lindi uko mitaa michache, na mimi nilikuwa mke wa Saidi, aliyefanya kazi kwenye mashine ya kufua umeme. Kwa ajili ya kazi yake hiyo waya ulifika mpaka kwetu, chumba kimoja katika nyumba ya mama yake Fatu: kitanda cha kamba, sanduku, kioo cha ukutani, mtungi, na globu moja ikining'inia katikati kama mtu aliyesahauliwa. Kuta za nyumba zile hazikufika darini, kwa hiyo ukipiga chafya chumba cha mbele unaombewa rehema chumba cha nyuma. Chini ya dirisha palikuwa na meza, na juu ya meza palikaa chupa la Saidi. Lilikuwa chupa la kioo kinene, la pembe nne, refu kufika kifuani ukiliweka mezani, lililokuwa la betri kubwa za kule kwenye mashine. Lilitupwa kwa kuwa lilikuwa na ufa mdomoni. Saidi alilisugua kwa majivu na magadi mpaka ile tindikali ikatoka yote, akatia mchanga wa mtoni, akatia maji. Ndugu yake Hamisi, mkulima wa Milola, akamletea kwenye ndoo majani ya maji kutoka ziwani Rutamba, mengine membamba kama nywele, mengine mapana yenye mishipa myekundu, na visamaki viwili visivyozidi kidole. Bwana afya aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kutafuta viluwiluwi vya mbu alilitazama, akaona visamaki vinavila, akaenda zake bila neno. Asubuhi jua lilipoingia dirishani majani yale yalitoa vipovu vidogo vidogo vikapanda juu, na Saidi, aliyenuka mafuta ya mashine hata akioga mara tatu, alikuwa akiniita niache kukuna nazi nije nitazame. Alikuwa akiniambia majani yanakula mwanga kama sisi tunavyokula ugali, na mimi nikimwambia basi na wewe kula mwanga, mimi nimechoka kupika.

Alirudi kazini Ijumaa moja anatetemeka, na Ijumaa ya pili tulikuwa tumeshamzika. Nawaambia hivyo kwa ufupi kwa sababu hata kwangu ilikuwa fupi hivyo. Wanawake wakaingia, wakanivua kanga zangu wakanivika kaniki, wakaniketisha pembeni mwa kitanda, wakafunga dirisha la barabarani kwa sababu mwenye eda hatazamwi na wapita njia. Kioo wakakigeuza ukutani, kwa sababu mwenye eda hajitazami. Kisha shangazi yake marehemu, Bi Somoe, mwanamke mrefu aliyekuja na mkewe Hamisi kutoka Milola na sauti yake ikatangulia, akasimama mbele ya chupa, akaona uso wake ndani ya kioo, akasema hiki nacho. Wakalifunika kwa shuka nzito. Mimi nilikuwa nimejiinamia, sikuwa na habari hata na jina langu. Ilikuwa baada ya matanga kuanuliwa na watu kutawanyika, Fatu ameniletea uji, ndipo nilipofunua ile shuka. Maji yalinuka. Yale majani ya nywele yalikuwa manjano, yakivunjika ukiyagusa, na visamaki vilikuwa vimeganda juu vinahema. Nikalia. Watu wakadhani ndiyo nalia mume, wakafurahi, maana walikuwa wanasema sijalia vya kutosha.

Nikaiondoa ile shuka na sikuirudisha. Bi Somoe alikuja tena kwenye hitima ya arobaini, na jambo la kwanza macho yake yaliangukia pale. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaniuliza nimeruhusiwa na nani kujitazama kiooni ndani ya eda. Mama yake Fatu alikuwepo, na Fatu alikuwepo, ameketi ubavuni kwangu. Niwaambie kitu kimoja kuhusu Fatu: alikuwa na vidole vya kufinya. Kijimtu kidogo, lakini akiona mdomo wangu unafunguka kusema litakaloniponza, mkono wake ulishafika kwenye nyama ya mkono wangu wa kushoto, juu ya kiwiko, akazungusha. Siku ile alinifinya nikasema hivyo hivyo.

"Shangazi," nilimwambia, "hata nikiinamia maji ya udhu najiona. Basi nitayamamu kwa mchanga na mtungi umejaa?"

Mama yake Fatu akakohoa kwenye upande wa kanga, na nilijua kikohozi kile si cha kifua. Bi Somoe hakucheka. Alisogea kwenye chupa, akayachungulia yale majani, akatingisha kichwa muda mrefu, akasema kitu kwa Kimwera ambacho sikukipata, kisha akageuka na kukisema kwa Kiswahili ili kila aliyekuwa ukumbini asikie.

"Majani ya mume yanakufa kwa sababu mwenyewe hayataki hapa. Anaita vitu vyake virudi nyumbani. Yakimalizika kufa kabla hujatoka eda, Salima, hiyo ndiyo kauli yake: utatufuata Milola, Hamisi atakusitiri."

Kumbe ndilo lililokuwa likinong'onwa siku zote zile juu ya kuta zisizofika darini. Nililisikia vipande vipande: Hamisi ana nyumba, Hamisi ana mikorosho, binti mdogo hivi ataachwaje mjini peke yake. Niseme ukweli, Milola si kubaya, na mihogo yake nimeila na kuisifia. Hamisi naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, ana mke wake na watoto. Ubaya ulikuwa mmoja tu, kwamba hapakuwa na hata mtu mmoja aliyeniuliza. Na hata hao waliojua kusoma walijua kwamba kumposa mwanamke ndani ya eda ni haramu, lakini haramu hiyo hawakuikumbuka, walikumbuka ya kioo. Niliogopa, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga, na mimi hasira ikinizidi sauti yangu hushuka chini.

"Na yakiishi?" nikamuuliza.

Fatu alinifinya mpaka nikaona nyota. Upande huo wa maneno hakuna aliyekuwa ameufikiria. Bi Somoe alikuwa ameshalitoa neno lake mbele za watu, hakuweza kulimeza.

"Yakiishi," alisema, "kaa na chupa lako."

Basi na mimi nikaanza kazi. Dirisha la barabarani lisingefunguliwa mpaka eda iishe, hilo nililijua. Uani nisingelitoa chupa, lilihitaji wanaume wawili. Jua halikuwepo, iliyokuwepo ni ile globu ya wati ishirini na tano iliyosahauliwa darini, ambayo mwanga wake ukifika mezani umeshachoka. Saidi alikuwa amenionyesha mambo mawili matatu ya umeme, jinsi ya kuzima kwanza, jinsi ya kushika globu kwa kitambaa na kuisukuma ndani kidogo kabla ya kuizungusha. Chumbani palikuwa na msokoto wa waya wake na vishikio viwili vya globu. Nikapanda juu ya sanduku na kaniki yangu nikashusha taa. Wanawake walipopita mlangoni wakaona mjane juu ya sanduku anashika waya, wakaondoka wanasoma dua. Mmoja akasema umeme ule ulikuwa mke mwenzangu Saidi akiwa hai, na sasa tumebaki wawili tumepatana. Hilo lilinichekesha, na nililikubali.

Fatu ndiye aliyekuwa miguu yangu. Alikwenda kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza taa, mabakuli ya bati na vitambaa vya mashuka, akarudi na globu ya wati mia ya kioo cheupe, kwa sababu nilimwambia kubwa kuliko zote. Nikaiteremsha mpaka karibu na maji. Siku mbili tatu nilifurahi; majani yalisimama, yakatoa vipovu. Kisha nikatia mkono majini nikakuta ni vuguvugu la kuoga mzazi. Visamaki vilikuwa juu vinahema kinywa wazi. Nikiwa nataka kuipandisha taa, kimoja kikaruka, tone moja la maji likagusa globu, ikapasuka paa! Vipande vikaanguka majini, na chumba kizima giza. Nilizima swichi, nikatia mkono majini nikavitoa vipande vile kimoja kimoja kwa kupapasa, na nilimtukana Saidi kwa kufa kwake. Nilimtukana kwa sauti, na ukumbini walisikia. Sikuomba radhi wakati ule na siombi sasa. Mtu akikuachia kazi nusu una haki ya kumwambia.

Ya pili Fatu aliichagua mwenyewe, na hapo ndipo tuligombana. Mhindi alikuwa na globu yenye kioo cha rangi ya samawati, waliyokuwa wakinunua mafundi cherehani ili wakishona jioni waone rangi ya uzi kama ilivyo mchana. Fatu aliposikia neno mchana akaona ndiyo hiyo. Tulipoiwasha, kwa kweli, hata mimi nilisogea karibu. Maji yaling'aa, visamaki ambavyo siku zote vilikuwa rangi ya tope vikawa na mistari ya buluu mbavuni, na ukuta wa udongo ukapendeza. Mama yake Fatu aliletewa kigoda akakaa kutazama akila korosho. Watoto wa jirani wakajaa mlangoni. Kwa siku kadhaa chumba cha eda kiligeuka mahali pa watu kuja kutazama, na mimi niliona aibu na raha pamoja. Lakini yale majani mapana yalianza kurefuka shingo, yakiitafuta taa, vikonyo vyembamba, na ya chini yakadondoka. Nikamwambia Fatu hii inatulisha sisi macho, majani yanalala njaa. Fatu akasema nina inda, nikiona kizuri lazima nikitie kasoro. Akanuna. Siku nzima ile aliniletea chakula, ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, akakiweka mlangoni bila kuingia. Jioni akaja mwenyewe, akatazama jani lililodondoka, akalitoa kwa vidole vyake vya kufinya, akaliweka kiganjani, akaniuliza bila kuinua macho: basi tununue ipi?

Tulinunua ya sitini, ya kioo cha maziwa, kile kisichoonyesha uzi wa ndani, ambacho mwanga wake unatoka mlaini na haukuchomi machoni. Sitini peke yake isingetosha, nilijua, na mia ingetupikia samaki. Nikachukua bakuli la bati la Saidi la kulia chakula, jeupe ndani, lenye ufito wa buluu ukingoni, nikalitoboa katikati kwa msumari na jiwe, nikapitisha waya, nikalining'iniza kifudifudi na globu ndani yake. Mwanga wote uliokuwa ukipotea kwenda darini ukamwagika majini. Nikaiacha juu ya maji kiasi cha shubiri, samaki wasiifikie. Mashine ya mjini siku zile ilianza kunguruma alasiri. Nilikuwa nikiwasha ikianza, nikizima baada ya Isha, maana mwanzoni niliiacha mpaka nilale, na kioo kikaota utelezi wa kijani ambao ilibidi niufute kwa kumbi la nazi. Hata mwanga una kuvimbiwa kwake. Wapo waliosema nimemwekea marehemu sahani yake ya chakula juu ya maji, ni mambo ya mizimu. Nikawaambia ndiyo, na anakula vizuri.

Usinione nasema hivi ukadhani sikuteseka. Siku za eda ni ndefu. Nilikuwa nikiamka nimetia mkono upande wa pili wa kitanda. Nilikuwa nikisikia wanaume wa mashine wakipita asubuhi wanacheka, nikisubiri cheko moja lisilokuwemo. Na kila siku nilikuwa nikiyahesabu majani kwa macho, jani likiwa na doa nalirudia mara tatu, kwa sababu nilikuwa nimekubali mwenyewe kuyafunga maisha yangu na magugu ya ziwani. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza. Nilikuwa nimeketi nakula samaki mkavu, ng'onda, wa kuchoma na Fatu, bakuli la bati linamulika, majani ya nywele yameanza kuchipua kijani kipya kabisa, na badala ya kufurahi nikamwuliza Fatu: je, yangekufa, ningekwenda? Fatu akatafuna, akameza, akasema usiulize maswali ya hivyo na kinywa kimejaa. Lakini hakunifinya.

Siku ya kutoka eda walikuja wote. Niliogeshwa kabla ya jua, kaniki ikavuliwa, nikavaa kanga mpya alizonipa mama yake Fatu. Kioo kikageuzwa. Dirisha likafunguliwa, na mimi nikasimama pale kope zinaniuma. Bi Somoe aliingia na kifurushi kwapani, doti ya kanga kutoka kwa Hamisi, na Hamisi mwenyewe amekaa ukumbini kwenye kiti, kofia mkononi, anaangalia sakafu. Bi Somoe hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye chupa. Majani yalikuwa yamejaa mpaka mdomoni, ya nywele na mapana, na visamaki vilikuwa vikipita humo kama watu wanaopita mashambani. Alitazama upande huu, akatazama upande ule. Nilimwona anataka kukasirika, akatafuta pa kuanzia asipaone. Alikuwa mtu wa neno lake, hilo nampa. Akageukia watu.

"Marehemu amesema," alitangaza. "Anataka akae hapa."

Wanawake wakashusha pumzi. Mmoja akapiga kigelegele kidogo. Nilikuwa nimeshinda. Chumba changu, maisha yangu, vyote viko mkononi, na nilichotakiwa kufanya ni kuinamisha kichwa na kunyamaza. Vidole vya Fatu vilikuwa tayari juu ya kiwiko changu, maana alinijua, vimeshashika nyama, vinazungusha.

"Marehemu hajasema kitu, shangazi," nilisema. "Nimesema mimi. Na hata yangekufa yote, nisingekwenda."

Kigelegele kikafa katikati. Bi Somoe alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipofiwa, usoni kabisa, akasema sikio la kufa halisikii dawa, akachukua kifurushi chake akatoka. Hakunisemesha miaka mingi. Kutoka ukumbini, juu ya ukuta usiofika darini, tulisikia Hamisi akisema alhamdulillahi, haraka haraka, kama mtu aliyeponea chupuchupu. Mkewe alikuwa amemwambia nini njiani kutoka Milola sijui, lakini nafikiri naye alikuwa na la kusema. Fatu alinifokea mpaka jioni. Alisema ulishapewa, Salima, ulishapewa mkononi, kwa nini ukakimwaga? Nikamwambia nilichopewa kilikuwa cha marehemu, mimi nilitaka changu. Nikakaa chumbani mle nikakaanga vitumbua asubuhi nikauza barazani, mpaka nilipoolewa tena na mtu niliyemtaka, na hiyo si habari ya leo. Alama ya ule mfinyo ilikaa mkononi mpaka mwezi ukaandama.

Sasa pale matangani Rehema alinikuta nimeshaziondoa zile kanga mbili kwenye tangi lake, nimezikunja. Msichana macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. Aliniambia majani yake yanakufa tangu zamani, hata kabla bibi hajaugua, na hajui kwa nini, taa amenunua nzuri. Nikazitazama zile taa za buluu, samaki wanavyopendeza, na majani yenye shingo ndefu. Nikamwambia hizi ni za macho yako, mwanangu, majani yana njaa. Tafuta nyeupe, laini, isiyochoma, uifunike kwa juu mwanga usikimbie, na Isha ikipita uzime. Akaanza kunisikiliza. Lakini mlangoni walikuwa wameshasimama watu wazima watatu, na mmoja, mwenye tasbihi, akanikumbusha kwa adabu kwamba nyumba hii ni ya msiba, na vioo vinafunikwa.

"Fatu tumemzika jana," nikamwambia. "Hawa samaki tunawazika kwa kosa gani?"

Nikanyamaza, mkono wangu wa kushoto ukasubiri. Uliendelea kusubiri, mjinga yule, nyama imejikaza juu ya kiwiko. Hakuna aliyenifinya. Basi nikaendelea kusema.